Mzee yuko nyuma ya pazia: nani anaamua apasuliwe saratani?

Tulikuwa watu saba sebuleni, na wa nane alikuwa nyuma ya pazia. Ilikuwa baada ya swala ya Isha, Februari 2025, nyumbani kwa ami yangu hapa Bofu, Likoni. Ami alikuwa na miaka 76. Alifanya kazi bandarini miaka thelathini na kitu, akastaafu na mgongo mbovu, na mpaka mwezi ule alikuwa akienda msikitini alfajiri kwa miguu yake mwenyewe. Binamu yangu mkubwa alishika karatasi ya majibu. Kile kipande cha nyama kilichokatwa kwenye utumbo mpana wa mzee kimepimwa, ni saratani, na daktari ameandika apasuliwe.

Kikao kikaanza. Mmoja akasema mzee ameshakula chumvi ya kutosha, kisu kitamuua, heri aende na mwili wake mzima. Mwingine akasema lile shamba la Ng'ombeni liuzwe apelekwe India. Binamu aliye Jeddah alituma sauti kwa simu, tukaisikiliza wote tumeinamisha vichwa, na kwa kuwa yeye ndiye mwenye riyali, sauti yake ikawa nzito kuliko zetu zote: asiambiwe, atakufa kwa hofu. Hilo ndilo jambo la kwanza tulilokubaliana usiku ule, kabla ya hospitali, kabla ya pesa. Mzee aambiwe ana kidonda cha tumbo.

Hapo pazia likafunguka. Ami alisimama na kikoi chake na fulana, akatutazama mmoja mmoja.

"Masikio yangu hayana saratani," akasema, akavuta kiti akaketi.

Nimeukumbuka usiku huo kwa sababu wiki hii nimetiwa kwenye kundi la WhatsApp la mchango. Bibi mmoja wa mtaa wetu, miaka 81, ana saratani ya tumbo na anatakiwa kupasuliwa. Nimesoma jumbe zote tangu kundi lilipofunguliwa. Kuna waliotuma dua, waliotuma mia tano, waliotuma jina la tabibu wa miti shamba wa Kwale, na mmoja aliyetuma video ya mtu wa Marekani anayesema limau linaua kansa. Hakuna hata ujumbe mmoja unaosema bibi mwenyewe anataka nini.

Mimi si daktari. Diploma yangu ni ya uhasibu na kazi yangu ni kuhesabu. Lakini jambo hili limeingia katika nyumba nyingi za Likoni, na nimeona linaamuliwa vibaya mara nyingi kiasi kwamba kunyamaza nako ni makosa.

Tuanze na sababu ya kuliona zaidi sasa kuliko zamani. Saratani ni maradhi yanayopenda umri. Kadiri mtu anavyoishi ndivyo chembe za mwili wake zinavyopata nafasi ya kukosea. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya takriban milioni 2.7 waliotimiza miaka 60 na zaidi. Hao ni watu ambao zamani wengi wangekwenda na malaria, kifua kikuu au kipindupindu kabla saratani haijapata zamu yake. Makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kwa mwaka 2022 yaliiwekea Kenya wagonjwa wapya zaidi ya 44,000 na vifo zaidi ya 29,000 kwa mwaka.

Lakini tukiitaja saratani nchini tunawakumbuka vijana na watu wa makamo. Julai 2019 iliwachukua watatu mfululizo: Bob Collymore wa Safaricom akiwa na miaka 61, mbunge wa Kibra Ken Okoth akiwa na 41, na gavana wa Bomet Joyce Laboso akiwa na 58. Taifa lilishtuka, na lilikuwa na haki ya kushtuka. Mzee wa miaka 76 akifa kwa saratani hiyo hiyo Bofu, tunasema siku zake zimefika, tunamzika baada ya Adhuhuri, na hakuna anayeuliza kama kulikuwa na jambo la kufanywa.

Hoja ya "ameshakula chumvi" nimeisikia ikipewa hata vazi la dini. Tumehimizwa kujitibu, wanasema, lakini katika mafunzo hayo hayo uzee umetajwa kuwa hauna dawa. Ni kweli umetajwa. Ila hakuna daktari anayempasua mtu ili kumwondolea uzee. Anamwondolea uvimbe uliomziba utumbo. Ukichanganya hayo mawili utamnyima mzee dawa ya ugonjwa wenye dawa kwa sababu ana kitu kingine kisicho na dawa, na hiyo si ibada.

Na umri wenyewe hausemi mengi. Profesa Anyang' Nyong'o alitangaza mwaka 2010, akiwa Waziri wa Huduma za Matibabu, kwamba ana saratani ya tezi dume. Alikuwa katika miaka ya sitini. Akaenda Marekani kutibiwa, akarudi, akachaguliwa gavana wa Kisumu 2017 na tena 2022. Sawa, yeye ni waziri na alipanda ndege, nakubali. Nasema tu kwamba hakuna tarehe kwenye kitambulisho inayofunga kitabu cha mtu.

Madaktari wanaoshughulika na wazee wana kipimo chao, na si cha miaka. Wanatazama udhaifu. Mkanada mmoja, Kenneth Rockwood, na wenzake walitoa mwaka 2005 ngazi ya kuupima ambayo leo inatumika duniani kote, kuanzia mzee mwenye nguvu zake hadi yule anayelishwa na kugeuzwa kitandani. Watu wawili wa miaka 78 wanaweza kukaa benchi moja la kliniki, mmoja akastahimili kisu kama mtu wa hamsini, mwingine asistahimili hata dawa ya usingizi.

Mpasuaji aliyemwona ami hakuanza na karatasi. Alimwambia ainuke kitini bila kushika mikono ya kiti, atembee hadi mlangoni, ageuke, arudi aketi. Yeye akatazama saa yake. Binamu yangu alinong'ona kwamba huyu daktari anamfanyia mzee mchezo wa chekechea. Kumbe pale ndipo palipokuwa na uamuzi. Kisha yakaja maswali: ameanguka mara ngapi mwaka huu? Nguo zinampwaya tangu lini? Anameza dawa ngapi kwa siku? Ananunua mwenyewe vitu dukani akarudi na chenji sahihi? Nani anampikia? Anavuta sigara? Hilo la mwisho ami alilijibu akitazama dirishani.

Ndipo ami naye akauliza yake. Aliuliza matatu, na sisi wenye vikao hatukuwa tumewaza hata moja. Nikikatwa, nitaweza kuswali? Nitajisaidia mwenyewe au nitasaidiwa na wakwe zangu? Na nisipokatwa, nitakufa vipi?

Daktari alimjibu yote bila kumzungusha. La tatu alilijibu polepole: utumbo utaziba, tumbo litajaa, utatapika, na hapo utaletwa usiku na utakatwa kwa dharura au utakufa kwa maumivu. Kuhusu choo alimwambia kuna uwezekano mkubwa kitatolewa ubavuni kwenye kifuko, na atafundishwa kukibadilisha mwenyewe. Swali la swala lilipelekwa kwa sheikh wa mtaani, akasema hukumu yake ni ya mwenye udhuru: atatawadha kila wakati wa swala unapoingia, aswali, na kinachotoka bila hiari yake hakimharibii. Ami aliposikia hivyo akasema, "Basi nikateni." Baada ya wiki saba za vikao vyetu, uamuzi wenyewe ulichukua alasiri moja.

Hizo wiki saba zinaniuma. Hatari ya upasuaji wa utumbo kwa mzee inapanda sana ukiwa wa dharura, mtu ameziba, hajala siku nne, damu imepungua, na daktari aliyepo ni wa zamu ya usiku. Ukipangwa mapema, hatari hiyo hiyo inashuka. Kwa hiyo familia inayojadiliana "tumkate au tusimkate" mpaka mzee anaziba, imeshachagua. Imechagua kisu kibaya zaidi kati ya viwili. Mwaka 2024 madaktari walipogoma siku 56, kuanzia Machi hadi Mei, kila mtu aliilaumu serikali kwa wagonjwa waliosubiri. Sisi tulimgomea ami siku 49 na hakuna aliyetuandama na bango.

Watu wengi hudhani hatari iko chumbani, pale taa kubwa inapowaka na mtu anafunguliwa. Tunasimama nje tukisoma Yasin, daktari akitoka akisema imekwenda salama tunakumbatiana, tunatuma ujumbe kwenye kundi, na nusu ya watu wanarudi makwao. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 11,000 waliopasuliwa kwa maradhi ya kila namna katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika. Wagonjwa hao kwa wastani walikuwa vijana kuliko wanaopasuliwa nchi tajiri. Hata hivyo uwezekano wao wa kufa baada ya upasuaji ulikuwa mara mbili ya wastani wa dunia. Na zaidi ya tisa katika kila kumi ya waliokufa hawakufa siku ya kisu. Walikufa siku zilizofuata, wodini, kitu kilipoharibika na hakuna aliyekiona mapema.

Sasa mtie mzee katika hesabu hiyo.

Ami alitoka salama. Siku ya kwanza alikuwa mwerevu, akauliza nani ameshinda mechi. Usiku wa tatu simu ikalia saa tisa. Mzee ameng'oa mpira wa maji mkononi, amesimama kitandani, anapiga kelele kamba ifungwe meli inaondoka, anawaita kwa majina wenzake wa bandarini waliokufa zamani. Asubuhi shangazi zangu walifika na kombe kwenye chupa, maana kwao hilo lilikuwa wazi: amepandisha majini, na hospitali ile imejengwa juu ya makaburi. Siwacheki. Mimi mwenyewe niliogopa.

Daktari kijana wa wodi, binti mdogo asiyefika hata begani kwangu, alituita pembeni akatueleza. Akasema akili ya mzee baada ya upasuaji mkubwa inaweza kuchanganyikiwa ghafla, na hutokea kwa wazee wengi. Huletwa na maji kupungua mwilini, kukosa usingizi, maumivu, dawa fulani, au ugonjwa mpya unaoanza mahali. Si wazimu na kwa kawaida hupita, lakini ni kengele, mtu atafute kilichoipiga. Alipopima akakuta nimonia inaanza kifuani. Ami alikuwa amelala chali siku tatu kwa sababu sisi tulidhani mgonjwa wa kisu hatakiwi kuguswa. Kumbe alitakiwa kukalishwa siku ya pili na kutembezwa, hata hatua tano, na kuhimizwa kukohoa huku ameshikilia mto tumboni.

Halafu akauliza swali ambalo sijalisahau. Miwani yake iko wapi? Ilikuwa nyumbani, Bofu, ndani ya kabati, pamoja na meno yake ya bandia, kwa kuwa tuliogopa vitaibiwa. Mtu wa miaka 76, haoni vizuri, hawezi kutafuna, taa zinawaka usiku kucha, hajui ni saa ngapi, nyuso zote ni za wageni. Hata mimi ningefunga kamba za meli.

Na hapa nina ugomvi na utaratibu wa hospitali zetu, nikiitaja hospitali ile bila jina kwa kuwa nasikia nyingi zinafanya hivyo. Saa za kutazama wagonjwa zikiisha, tunatolewa wote. Nesi anabaki na wodi nzima. Sina lawama kwa nesi, ana mikono miwili. Lakini mzee aliyetoka kupasuliwa saratani angeachiwa mtu mmoja wa kwao usiku ule, mwanawe au mkewe, wa kumwambia uko hospitali, leo Alhamisi, kunywa maji, angebaki na akili zake. Baada ya daktari yule kutugombea ruhusa, binamu yangu mdogo alilala chini kwenye kanga siku nne. Miwani ikaletwa. Meno yakaletwa. Siku ya pili ami akamtambua, akamuuliza kwa nini analala chini kama mlevi. Serikali ya kaunti ikitaka kufanya jambo moja kwa wazee wenye saratani ambalo halihitaji tenda wala mashine, ni hili.

Kwa kuwa nimetaja mashine, nigeukie pesa, maana huko ndiko kikao chochote cha Pwani huishia.

SHA ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kifurushi cha saratani kiliwekwa Sh400,000 kwa familia kwa mwaka, na zikiisha kulikuwa na Sh150,000 nyingine kutoka mfuko wa maradhi sugu. Viwango hivi hujadiliwa na kubadilishwa, kwa hiyo ulizia kabla hujapanga. Ila kuna jambo wengi hawalijui mpaka wafike dirishani. Wewe uliyeajiriwa unakatwa asilimia 2.75, na kinachokupa wewe ni mke, mume na watoto. Baba yako hayumo. Yeye ni nyumba yake peke yake, anatakiwa ajiandikishe na alipe chake, na asiye na mshahara hulipa mwaka mzima kwa mkupuo. Kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600 kwa mwaka.

Kundi letu la WhatsApp la ami lilichanga kwa wiki sita. Nilikuwa mweka hazina, nina kitabu. Siandiki jumla hapa kwa heshima ya waliotoa, lakini ingewalipia bima wazee wote wa mtaa wetu mwaka mzima na chenji ikabaki. Mzee aliyefika miaka 70 na aliyeandikishwa Inua Jamii hupokea Sh2,000 kwa mwezi, zikija. Hizo hununua unga na dawa ya presha. Bima ya mzee inatakiwa ilipwe na watoto wake, leo, akiwa bado anakwenda msikitini kwa miguu. Kijana wa Likoni anayenunua muguka kila jioni, hata baada ya zile kelele zote za 2024, anaweza kumlipia mamake Sh300.

Kuna gharama ambazo bima haizijui. Ami alitoka siku ya kumi na mbili. Ambulensi hupewa njia kwenye feri, lakini sisi tulikuwa kwenye teksi, na teksi hupanga foleni kama magari mengine. Tulikaa saa moja na nusu upande wa kisiwani, jua la saa nane, mzee ameshika tumbo kila dereva wa nyuma akipiga honi. Kuzunguka Dongo Kundu ni barabara nzuri, ila nauli yake ilikuwa mara kadhaa ya ile ya kuvuka. Kwa mguu haiwezekani kabisa. Anayeijua ile teremko ya feri saa kumi na moja jioni anajua kwamba umati haujui mshono wa mtu. Na kidonda kinataka kuoshwa, kliniki inataka uhudhurie, kwa hiyo kuvuka si mara moja. Baadaye tuligundua kwamba kidonda kingeweza kusafishwa hapa hapa Likoni, hospitali yetu ndogo ina manesi wanaojua kazi hiyo. Hakuna aliyetuandikia barua ya kutuelekeza huko. Tulivuka bahari mara nne kwa kazi ya bandeji.

Vifuko vya choo navyo. Kimoja ni mamia ya shilingi na hakidumu. Kuna wakati vilikwisha na tukatumia mfuko wa plastiki ambao shangazi alikuwa ameuficha tangu marufuku ya 2017. Ngozi ya ami ikachubuka, akakaa siku tatu bila kutoka nje, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akisema bora asingekatwa.

Sitaki mtu asome hapa akadhani nasema kila mzee apasuliwe. Kuna mwanamke niliyemheshimu sana, jirani, alikuwa na uvimbe kwenye umio, chakula hakipiti. Upasuaji wa umio ni miongoni mwa mikubwa kabisa: hufunguliwa kifua na tumbo, na kupona kwake ni miezi. Yeye alikuwa amekonda, moyo mbovu, haamki bila kushikwa. Daktari alimweleza, wanawe wakiwepo, naye akasema hapana. Alitaka kumeza maji na uji, basi. Kuna vibomba vinavyowekwa kwenye umio kwa kamera bila kumpasua mtu, na hospitali ya Tenwek kule Bomet imekuwa ikiwawekea maelfu ya wagonjwa kwa miaka mingi. Yeye alipata cha kwake. Wauguzi wa Coast Hospice wakamtuliza maumivu kwa mofini ya maji. Aliishi miezi mitano, akala futari ya Ramadhani pamoja nasi, akaandika wasia wake, akalipa deni la cherehani alilokuwa akidaiwa na mtu wa Mtongwe. Watoto wake wawili walikataa kusema naye mwezi mzima kwa sababu "amekata tamaa". Nilimwona mama yule mara nyingi katika miezi ile. Alikuwa ametulia kuliko sisi sote.

Tofauti kati ya mama huyo na ami si kwamba mmoja alichagua vyema na mwingine vibaya. Wote wawili waliulizwa. Na kuulizwa huku si ihsani ya watoto. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 8 na cha 9, inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake na njia zilizopo, na apate ridhaa yake. Katiba yetu, kifungu cha 57, imewapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kujiendeleza. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba haki hiyo inahamia kwa mtoto mwenye riyali.

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu nilikuwa nalo mwenyewe. Mila zetu si za Wazungu, mzee hatupiwi neno kama hilo usoni. Kweli kuna adabu ya kusema. Hasemeshwi mlangoni, hasemeshwi na mtoto mdogo, anaulizwa kwanza anajua nini na angependa kujua kiasi gani, na wapo wanaosema wazi, "Sitaki kusikia, mwambieni mwanangu." Huyo naye ameamua. Lakini kumficha mtu aliyelea watoto wanane na kuzika watatu, ukamwita mwoga kabla hujamuuliza, adabu hiyo sijui tuliitoa wapi. Ami alikuwa na deni la watu wawili na kiwanja kisicho na hati. Tungemdanganya ni kidonda cha tumbo, akafa mezani, nani angelijibu hilo mbele ya Mola wake?

Yeye sasa yupo. Amepungua, hapandi tena ngazi za msikiti, anaswali kwenye kiti safu ya nyuma karibu na mlango, na sigara ameacha, au ndivyo anavyotuambia. Kila baada ya miezi kadhaa anarudi kupimwa. Wiki iliyopita nilimweleza habari za yule bibi wa miaka 81. Akauliza anatembea? Nikasema anatembea, anauza maandazi. Akauliza amesemaje? Nikasema sijui.

"Watu wangapi kwenye hilo kundi lenu?"

Nikamwambia mia na kumi na mbili.

Akacheka mpaka akashika ubavu.

Nilirudi nyumbani nikaandika kwenye kundi: "Assalaam aleikum. Bibi mwenyewe ameelezwa? Anataka nini?" Kwa saa nzima hakuna aliyejibu. Kisha mjukuu wake mmoja, msichana wa kidato cha tatu anayeishi naye, akaandika kwamba nyanya anajua tangu zamani, alisoma karatasi ya hospitali iliposahauliwa juu ya friji, na amekuwa akingoja mtu amuulize. Kesho baada ya Asri tunakwenda watu wawili tu, mimi na mwanawe mkubwa, na mjukuu atakuwepo. Daktari amekubali tumpigie simu kutoka hapo hapo, ili aulize mwenyewe ya kwake.